Maji Ambayo Mchungaji Hakuyamwaga

Iko siku moja ya ziwani ambayo hunijia hata nikiwa nimekaa tu nachambua mboga. Haiji na kelele. Huja kama ukungu unavyokuja Muhuru asubuhi, unatambaa juu ya maji, unaficha mashua moja baada ya nyingine, mpaka huoni tena ziwa wala nchi kavu, unasikia tu watu wakizungumza mahali fulani ndani ya weupe ule. Halafu, katika weupe ule, naona miguu ya mtu mzima, miguu mipana ya mvuvi, imetulia ndani ya karai. Mume wangu amepiga magoti mbele yake, jagi mkononi, na maji hayamwagiki.

Mwanangu, ulipokuja jana kuniambia umewekewa mikono na umepewa kanisa, nilifurahi. Nilikupa chai, nikakuombea. Lakini ulipotoka nilijua sijakupa nilichopaswa kukupa. Kwa hiyo keti tena. Mimi sina haraka, na wewe kama una haraka, iache hapo mlangoni.

Mume wangu, Mchungaji Elkana, alitumwa Muhuru miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado mpya, watu wakisimama kuitazama mbele ya ofisi ya chifu kana kwamba itasema kitu. Sisi tulikuwa watu wa milimani, upande wa Oyugis, watu wa mahindi na ndizi. Ziwa tulikuwa tukiliona kwa mbali tu, mstari wa fedha chini ya mbingu siku hewa ikiwa safi. Sasa tukawekwa kando yake kabisa, katika nyumba ya udongo yenye bati, mawimbi yakipumua kama mtu aliyelala chumba cha pili. Miezi ya kwanza nilikuwa nikiamka sijui niko wapi.

Nyumba ile ilijengwa na Mzee Yoeli. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye mashua na nyavu, na vijana wengi wa pale walivua kwake. Nataka umjue vizuri, usije ukamfanya simba kichwani mwako. Alikuwa mtu mwema. Hakuna wiki iliyopita bila samaki kuletwa mlangoni kwetu, wamefungwa kwa majani, na salamu juu yake. Akianzisha wimbo kanisani, hata mpita njia alishuka kwenye baiskeli akasikiliza. Na nilipopatwa na malaria ile mbaya, mpaka nikawa nawaita kwa majina watu waliokufa, yeye ndiye aliyenibeba mikononi hadi kwenye mashua na kunivusha ghuba kwenda hospitali. Nakumbuka kidogo tu. Nakumbuka mbingu ikienda polepole juu yangu, tanga likijaa na kulegea, na sauti yake nzito ikiimba chini chini, kama mtu anayembembeleza binti yake. Bila yeye, chai ya jana ungeinywa kwa mtu mwingine.

Kati ya vijana wake alikuwapo mmoja aliyeitwa Odera. Mrefu, mpole, kicheko chake kilianza taratibu kama moto wa kuni mbichi. Alikuwa amemwoa msichana Mkuria kutoka Kegonga, jina lake Robi, na mtoto wao wa kiume alikuwa anajifunza kusimama. Kijaluo cha Robi kilikuwa cha kubahatisha. Alisema Kiswahili na mume wake, na kwa mama mkwe alisema kwa mikono zaidi. Mimi na yeye tulikuwa wageni wote wawili, kwa hiyo tulizoeana haraka. Tulikuwa tukishuka kuchota maji pamoja, yeye akiniuliza majina ya vitu na mimi mwenyewe sivijui.

Ijumaa moja Odera aliingia ziwani jioni peke yake, jua likikaribia kuzama, mawingu yakiwa yamesimama upande wa magharibi meusi kama masizi ya sufuria. Upepo ulikuja kwa ghafla. Bati letu lilipiga kelele mpaka tukashindwa kuimba wimbo wa kuikaribisha Sabato, ambayo kwetu huanza Ijumaa jua likizama. Kesho yake mashua ilionekana imeelea tumbo juu, na Odera akapatikana kwenye matete, ametulia, kama aliyejilaza kupumzika.

Kwenye mazishi Mzee Yoeli alisimama akasema kijana alichukua mashua bila kumwuliza. Alisema kwa huzuni, na machozi yalimtoka, na hakuna aliyeyatilia shaka machozi yale. Mume wangu naye, alipohubiri pale kaburini, akalirudia neno lile. Aliwaonya vijana juu ya kutokutii.

Watu wakaanza kujiuliza: kwa nini kijana mtulivu vile akimbilie ziwani saa mbaya, bila ruhusa? Jirani mmoja akakumbuka kwamba jioni ile alimsikia Robi akimpigia mumewe kelele nje ya nyumba. Basi, jibu likapatikana. Mke alimgombeza, kijana akatoka na hasira, ziwa likamchukua. Robi alisema sivyo. Alisema Odera alitumwa, na kwamba yeye alikuwa anamzuia. Lakini alisema akilia, kwa lugha iliyochanganyika, na mbele yake alikuwa amesimama mzee wa kanisa. Mama Odera, mama mkwe wake, alikuwa amepoteza mtoto na alihitaji mtu wa kumlaumu. Alimtolea vitu vyake nje. Robi akamfunga mtoto mgongoni akashika njia ya Kegonga. Sisi tulikuwa kanisani siku hiyo tukifanya mazoezi ya nyimbo. Tulimwona akipita. Nakuambia ukweli, mwanangu: tulimwona, na wimbo haukukatika.

Miezi ikapita. Mtu akifa ziwani, ziwa linaendelea kung'aa kama kawaida, na hilo lilinisumbua sana. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, nikitembea kama mtu aliye katikati ya usingizi. Siku moja nilikuwa nasaidia kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale mchangani pamoja na Mama Dorka, mke wa Mzee Yoeli. Jua lilikuwa kali, omena zimetandazwa kama shuka la fedha, na sisi tunazigeuza kwa viganja. Mama Dorka hakuwa mtu wa maneno. Akaacha kugeuza.

"Mama Mchungaji," akasema, "yule kijana alitumwa."

Nikadhani sikusikia. Nikamtazama.

"Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Nyavu zilikuwa zimebaki ziwani, na mzee hakutaka Sabato izikute huko. Alimwambia Odera nenda, jua bado. Kijana akasema mashua inaingiza maji. Nilisikia yote." Akazitazama omena kwa muda mrefu. "Nimelala karibu na neno hili mpaka mbavu zinaniuma."

"Nimwambie Mchungaji?"

"Kama sikutaka aambiwe, ningekuambia wewe?"

"Na Mzee akiuliza nani alisema?"

"Asifichwe. Mwambie ni mke wake."

Nilimwambia mume wangu jioni ile tukiwa bado mezani. Alisogeza sahani pembeni, na ndani ya sahani ile alikuwamo samaki wa Mzee Yoeli. Tulikaa tukimtazama samaki yule. Hatimaye nikasema lililokuwa moyoni mwangu, "Huyu mtu alinivusha nikiwa nakufa."

"Najua," akasema. "Ningetamani angekuwa mtu mwingine yeyote."

Kesho yake alikwenda peke yake, kwa sababu hivyo ndivyo Bwana alivyotufundisha, kwamba jambo la ndugu yako ulianzie kati yako na yeye, watu wasijue. Alimkuta Mzee Yoeli nyuma ya nyumba akishona wavu. Aliniambia baadaye walivyosemezana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, sindano ya wavu ikiingia na kutoka.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, baba."

"Nani alijenga nyumba unayolala?"

"Ni wewe."

"Nani alimvusha mke wako?"

"Ni wewe. Ndiyo sababu nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

"Basi rudi mwenyewe vilevile," akasema Mzee Yoeli, "na usikanyage hapa tena na jambo hilo."

Wiki ile samaki hawakuja. Mume wangu akawaomba wazee wawili wa kanisa waende naye mara ya pili. Mmoja akashikwa na tumbo asubuhi ileile, na tumbo lilipona jioni. Yule wa pili alikwenda, lakini alipofika akaanza kuzungumza habari za mvua, akazungumza mvua mpaka wakaagana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu hawakuwa wabaya. Watoto wao walikula kutoka kwenye mashua zile.

Mume wangu akaanza kukasirika. Nilimsikia akitayarisha mahubiri akitembea chumbani, akimchagulia Mzee Yoeli maneno makali kutoka kwa manabii, na sauti yake ilikuwa na ladha, kama mtu anayetafuna kitu kitamu. Nilianza kumwogopa mume wangu kidogo. Nikamwambia, "Kabla hujayasema hayo, nenda Homa Bay ukamwone mwalimu wako."

Huyo alikuwa mchungaji mzee aliyestaafu, aliyembatiza na kumfundisha, akiishi chini ya mlima ule wenye ncha unaouona ukikaribia mji. Mume wangu alikwenda kwa meli ndogo iliyokuwa ikizunguka ziwa siku zile. Alimkuta mzee amekaa kibarazani, macho yameingia ukungu wa uzee. Akamweleza yote, na mahubiri akamsomea.

Mzee akamwuliza, "Elkana, huyu mtu umeshamlilia?"

"Kumlilia, mwalimu? Aliyefukuzwa ni mjane."

"Mjane tumlilie, ni haki yake. Nakuuliza habari za huyu. Umeshamlilia?"

"Bado."

"Basi hujawa tayari kumkemea. Wewe unataka kumpiga tu." Akapapasa hewani mpaka akapata mkono wa mume wangu, akaushika. "Na pale kaburini, nani alisema kijana hakutii?"

"Alisema yeye."

"Peke yake?"

Mume wangu aliniambia kwamba hapo ndipo alipojisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. "Na mimi nilisema," akajibu.

"Anza hapo," mzee akamwambia. "Na usichelewe. Kila siku unayongoja, yule mtu anazidi kuzama na wewe uko ufukweni umeshika kamba."

Alirudi amebadilika. Ile karatasi ya mahubiri niliwashia moto wa uji. Siku zilizofuata alikuwa akienda kukaa juu ya mawe kule ziwani, na mara nyingi alirudi macho yake mekundu. Sikumwuliza.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kanisani kwetu, kabla ya mkate na kikombe, watu huoshana miguu, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Kanisa lile lilikuwa dogo, tulitenganishwa na mikeka iliyotundikwa kwenye kamba, na mikeka haikufika chini. Ukungu haukuwa umeondoka bado. Uliingia madirishani, nuru yake nyeupe, kila mtu akaonekana kama yuko mbali.

Kwanza mume wangu alisimama mbele. Akasema, "Kwenye kaburi la Odera nilisema kwamba hakutii. Sikulichunguza neno lile, nililipokea nikalirudia, na kwa neno langu mwanamke alifukuzwa na mtoto wake. Leo nalifuta mbele yenu. Odera hakuwa mkaidi. Robi hakusema uongo. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe." Hakutaja jina la mtu mwingine. Akashuka.

Tukaenda kwenye makarai. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya Mama Dorka, na vidole vyake vilikuwa baridi sana. Kupitia chini ya mkeka niliiona ile miguu mingine ikiingia kwenye karai la pili, na magoti ya mume wangu yakishuka mbele yake. Tulingoja sauti ya maji. Haikuja.

"Mzee Yoeli," nikasikia mume wangu akisema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata mimi mkewe. "Baba yangu. Maji haya nikiyamwaga nitakuwa nimekuambia uko safi, na wewe unajua hujawa safi, na mimi najua. Siwezi kukudanganya. Ninakupenda mno. Nakuomba."

Kisha alilia. Hakulia kwa kelele, ila tuliona matone yakianguka kwenye karai kavu.

Miguu ile ilibaki pale muda ambao siwezi kukupimia. Kisha ikatoka, mmoja, halafu wa pili, ikatembea peku mpaka mlangoni, na kijana wake mmoja akafuata na viatu mkononi. Wengi wakainuka wakafuata. Mama Dorka alibaki. Akanitazama akasema, "Nioshe," nikamwosha.

Nisikudanganye, mwanangu, kwamba baada ya hapo mbingu zilifunguka. Kanisa lilibaki nusu. Sokoni wanawake walinigeuzia mgongo. Tulikula mihogo na mboga, na mimi na tumbo langu kubwa nilimlaumu Mungu kidogo nikiwa peke yangu. Lakini mume wangu hakuacha kwenda. Kila siku alipita mbele ya ua la Mzee Yoeli, anasimama nje ya lango, anaita, "Baba, umeamkaje?" Hapati jibu. Anasema, "Mungu akutunze," anaondoka. Hilo tu. Nilimwambia anajidhalilisha. Akasema, "Nilimwacha kanisani miguu yake ikiwa mikavu. Siwezi kumwacha na nyumbani pia."

Mvua za masika zilikuwa zimeanza nilipofungua mlango asubuhi moja kumwaga majivu, nikamkuta Mzee Yoeli amesimama uani. Alikuwa amekonda. Koti lake lilikuwa limelowa, sijui alisimama pale tangu lini.

"Mama Mchungaji," akasema, "bwana yuko?"

Mume wangu akatoka. Mzee hakumsalimu. Alisema kama mtu anayeeleza habari za ndoto, na kweli zilikuwa za ndoto. "Namwona. Hanilaumu. Hasemi kitu. Anafungua kamba ya mashua tu, ananitazama, anangoja nimwambie abaki. Na mimi mdomo haufunguki." Akajifuta uso. "Nianzie wapi?"

"Kwa mama yake," akasema mume wangu.

Tulikwenda sote, na Mama Dorka pia. Mama Odera alikuwa barazani akipepeta nafaka ya wimbi. Hakuinuka. Mzee Yoeli alibaki amesimama mvuani, akasema yote: nyavu, mawingu, jua lililokuwa halijazama, na neno alilosema mazishini. Ungo uliendelea kupanda na kushuka. Halafu ukasimama.

"Alikataa?" mama akauliza.

"Alikataa mara ya kwanza. Alisema mashua inaingiza maji."

"Ukamwambia nini?"

Hapo ndipo mzee alipopiga magoti kwenye tope. "Nilimwambia imani yake ni ndogo."

Mwanangu, nimesikia vilio vingi katika maisha ya kuwa mke wa mchungaji. Mama yule hakulia. Alitazama mbele yake, midomo ikisogea, kama anayehesabu kitu upya. Kisha akasema taratibu, "Basi yule msichana alikuwa anamzuia. Zile kelele. Alikuwa anamzuia mtoto wangu asife, na mimi nikamfukuza." Akaweka ungo chini, akajifunga leso. "Nipelekeni kwake."

Tulipanda lori la samaki mpaka Migori, tukapata gari jingine la kupanda milima ya Ukuria, na tukamaliza kwa miguu. Nakumbuka safari ile kama kitu nilichoota: ukungu mwingine, huu wa milimani, unanuka majani na moshi wa samadi ya ng'ombe; mtoto akigeuka tumboni mwangu; Mzee Yoeli akitembea mbele bila kusema, yeye ambaye kila njia aliipita akiimba.

Baba yake Robi hakuwa mtu wa kanisa. Alitupokea uani kwa sababu mgeni hupokewa, lakini viti hakutoa haraka. Kule hatukuelewana kwa lugha zetu, ikabidi kila kitu kisemwe kwa Kiswahili. Na Kiswahili cha Mzee Yoeli kilikuwa cha kuuzia samaki tu. Hakuwa na maneno makubwa ya kujifichia.

"Mimi nilituma yeye," alisema. "Yeye alikataa. Mimi nikasukuma. Alikufa. Halafu mimi nikadanganya watu. Binti yako alisema ukweli."

Mzee wa Kikuria akamtazama, kisha akamgeukia mume wangu. "Wewe ndiye padri wao?"

"Mimi ni mchungaji wao, ndiyo."

"Binti yangu alipita mbele ya kanisa lenu akilia, na mtoto mgongoni. Mlifanya nini?"

"Tuliimba," akasema mume wangu.

Hakujitetea. Nadhani ni jibu lile lililofanya viti viletwe.

Robi alitoka shambani na jembe begani. Alipomwona mama mkwe alisimama mbali. Mama Odera alijaribu kusema, Kijaluo, Kiswahili, vyote vikamkwama, akabaki amefungua mikono tu. Robi hakuikimbilia. Alimchukua mtoto wake, ambaye sasa alikuwa akitembea, akamweka mbele ya Mzee Yoeli.

"Sema tena," akamwambia. "Sema mtoto asikie."

"Ni mdogo, hataelewa," mtu mmoja akasema.

"Nitamwambia akikua kwamba alisikia."

Basi Mzee Yoeli akachutama mpaka macho yao yakawa sawa, akarudia. "Baba yako alikuwa kijana mzuri. Alisikia mimi. Kosa ni yangu." Mtoto akamshika ndevu.

Robi hakurudi nasi siku hiyo. Mama Odera ndiye aliyebaki Kegonga, akapalilia pamoja naye mpaka mavuno, wakijifunza kuongea. Baada ya mavuno walishuka wote watatu mpaka Muhuru, na yule mtoto alilelewa huku na huku, mwenye nyumba mbili. Mzee Yoeli aliacha uzee wa kanisa. Alikaa benchi la nyuma miaka mingi, karibu na mlango, na siku aliyoomba kuoshwa miguu mume wangu alimwosha, maji mengi mpaka sakafu ikalowa. Wapo waliotuacha wakati ule na hawakurudi kamwe. Watoto wake wawili hawakutusalimu mpaka tulipohamishwa kurudi Oyugis. Hayo nayo ni kweli, na nakuambia ili usije ukashangaa.

Sasa sikiliza ninalotaka ulichukue.

Utapewa kanisa, na ndani yake watakuwamo watu watakaokutendea wema. Watakujengea, watakulisha, watamvusha mkeo akiwa anakufa. Na siku moja utajua kwamba mmoja wao ameumiza mtu asiye na sauti. Siku hiyo moyo wako utakupa sababu nyingi za kunyamaza, na zote zitakuwa na sura ya hekima, sura ya shukrani, hata sura ya amani ya kanisa. Usinyamaze. Ukinyamaza, mjane anabaki amefukuzwa, na yule uliyemnyamazia unamwacha azame. Hapo hujamheshimu, umemtupa.

Lakini pia usiende na hasira yako mkononi. Mwendee peke yake kwanza. Mwendee kwa mlango wa mbele, wewe mwenyewe, sio kwa mafumbo kutoka mimbarini, ambako yeye hawezi kujibu. Ukiona umeanza kuyafurahia maneno makali, yaache jikoni yawashe moto. Angalia kama wewe mwenyewe hujalirudia kosa lake mahali fulani, na kama ulilirudia, lifute kwanza lako mbele ya watu. Na ukishamkemea, usiondoke. Pita langoni kwake kila siku, uite jina lake, hata kama hajibu. Wengi wanajua kukemea, mwanangu. Waliobaki langoni baada ya kukemea nimewaona wachache.

Nenda sasa, kabla mvua haijaanza. Mungu akupe macho ya kumwona anayepita akilia, na ujasiri wa kuukata wimbo. Akupe mke atakayekuambia ukweli ukiwa na chakula mdomoni. Wema wa watu usikufunge ulimi, na ukali wako usikukaushe machozi. Wale utakaokabidhiwa, wenye dhambi na walioumizwa, usimpoteze hata mmoja wao kwa woga. Na siku ya mwisho, Mchungaji Mkuu akikuuliza habari zao, uwe na la kumjibu ukiwa umesimama. Amina, mwanangu. Nenda kwa amani.